Dizeli ya zamani inayokata nguvu na kuwasha taa, kisha inapona: jinsi ya kusaka hitilafu ya turbo hatua kwa hatua

Gari linapanda mlima wa Kitonga bila shida, halafu katikati ya mlima nguvu zinakatika ghafla. Taa ya injini imewaka, unakanyaga mafuta mpaka chini lakini gari linajivuta tu, na malori uliyoyapita muda si mrefu yanakupita. Unaegesha, unazima, unawasha. Gari limepona. Linaweza kwenda wiki nzima bila kukusumbua, mpaka siku nyingine ya mlima, mzigo au haraka.

Ukilipeleka gereji likiwa zima, majibu huwa mawili: ama "mzee, gari halina tatizo", ama "turbo imekufa, tafuta nyingine". Hilo la pili ndilo linaloumiza mfuko. Turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, ikishakufa haifufuki kwa kuzima na kuwasha swichi. Shafti ikishakatika au panga zikishaliwa, ubovu unakaa hapo hapo usiku na mchana. Ubovu unaokuja na kuondoka una chanzo kinachokuja na kuondoka: mpira unaoachia ukipata moto, waya unaogusa gari likirushwa na shimo, veni (vibao vidogo ndani ya turbo) zinazonata leo na kuachia kesho. Basi kazi ni kuikamata hitilafu ikiwa inatokea, ukiwa na namba zake mkononi, kabla hujanunua kitu chochote.

Mfano wangu mkuu ni injini ya Toyota 1KD-FTV, dizeli ya lita 3.0 iliyomo kwenye Prado za 120, Hilux Vigo na Hiace nyingi, kwa sababu ndiyo imejaa barabarani kwetu. Mwenye Navara ya YD25, L200 au Volkswagen ya TDI atafuata njia ile ile. Tofauti kubwa ni namna veni zinavyosukumwa, na hilo nitalieleza.

Kompyuta inalalamikia nini

Turbo za dizeli nyingi za miaka ya 2000 zina veni, yaani vibao vidogo vilivyopangwa kuzunguka gurudumu la upande wa moshi. Injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, veni hujibana ili moshi upite kwa kasi na turbo izunguke mapema. Injini ikichanganya, veni hufunguka ili presha isizidi. Kwenye 1KD kazi ya kuzisukuma hufanywa na mota ya umeme iliyofungwa juu ya turbo. Kwenye Navara, TDI na nyingine nyingi kuna kopo la vakamu (mvuto wa hewa) lenye fimbo, linaloongozwa na solenoidi, yaani vali inayofunguliwa kwa umeme.

Kompyuta ya injini inajua presha inayoitaka kwa kila hali, na inaijua presha iliyopo kupitia sensa ya MAP kwenye manifodi ya kuingiza hewa. Namba hizi mbili zikiachana kwa zaidi ya kiasi fulani, kwa sekunde kadhaa, kompyuta inaandika kodi ya hitilafu, inawasha taa, inapunguza dizeli na kuiacha turbo ipumzike. Gari linajilinda. Ukizima na kuwasha, inaanza hesabu upya, na kwa kuwa uko kwenye tambarare bila mzigo, namba hazitaachana. Ndiyo maana gari "linapona".

Kwa hiyo taa haikuambii kwamba turbo ni mbovu. Inakuambia kwamba namba mbili hazikukubaliana. Sababu inaweza kuwa turbo, mpira wa hewa, sensa, waya, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini), ekzosi iliyoziba, au hata dizeli isiyofika.

Hatua ya 1: Andika mazingira, kabla ya spana

Weka daftari dogo ndani ya gari, au tumia simu. Kila taa inapowaka andika: ulikuwa gia gani, mizunguko mingapi, mlima au tambarare, mzigo, AC imewashwa au la, injini imepata moto kwa muda gani, mvua au jua, na nguvu zilikatika ghafla au zilififia taratibu. Dereva mwingine akilitumia gari, mwombe naye aandike. Inaonekana kazi ya karani, lakini hapa ndipo nusu ya jibu hupatikana.

Ikitokea ukiwa mlimani, gia kubwa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, fikiria kwanza hewa inayovuja au veni zisizofika mahali pake. Ikitokea mwanzoni tu unapokanyaga kwa nguvu ili kumpita mtu, kisha nguvu zikakatika papo hapo, huenda presha ilipanda kupita kiasi. Veni zimenata zikiwa zimejibana. Hali hii hupenda magari yanayokaa foleni za mjini miezi mitatu halafu yanapelekwa safari ndefu ghafla, kwa maana masizi hujijenga injini inapozembea, yaani inapozunguka bila kukanyagwa mafuta.

Ikitokea kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, bila kujali mguu wako uko wapi, tafuta waya au soketi. Baada ya kuosha injini au mvua kubwa, tafuta soketi iliyoingia maji. Ikitokea tu baada ya saa nzima ya joto kali, na asubuhi haitokei kamwe, washukiwa ni solenoidi, mota ya turbo, au mpira unaolainika ukipata moto. Na kama nguvu zinafifia polepole bila taa, kisha taa inafuata, angalia filta ya dizeli kabla ya kitu kingine chochote. Dizeli ya mapipa ya barabarani imewaua wengi.

Hatua ya 2: Soma kodi, usizifute

Kosa linalofanywa na gereji nyingi ni kufuta kodi kwanza "ili tuone kama zitarudi". Ukifuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya gari pale hitilafu ilipotokea: mizunguko, mwendo, joto la maji, mzigo. Kumbukumbu hiyo ni dhahabu. Isome, ipige picha, linganisha na daftari lako.

Kodi utakazokutana nazo zaidi ni P0299, presha ya turbo iko chini ya inayotakiwa, na P0234, presha imezidi. P0236 hadi P0238 zinahusu sensa ya presha yenyewe. P0045 inahusu saketi ya umeme ya kuongoza turbo. P0101 ni ya sensa ya MAF inayopima hewa inayoingia, P0401 ni ya EGR, na P0087 ni presha ndogo ya dizeli kwenye reli, bomba linalogawa dizeli kwa silinda zote. Watengenezaji wana kodi zao pia zinazoanza na P1, na maana zake hutofautiana kati ya gari na gari, hivyo zitafute kwa jina la injini yako.

Kuhusu kifaa: kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kodi, kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana kinaweza kutosha, pamoja na programu ya simu kama Torque au Car Scanner. Lakini Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, na hizo ndizo nyingi kwetu, hazizungumzi OBD ile ya kawaida. Kidude kinaweza kukataa kabisa kuunganika na usidhani gari ni bovu. Tafuta fundi mwenye Techstream ya Toyota kwenye kompyuta, au mashine inayokubali magari ya Japani. Kuna njia ya zamani ya kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya OBD ili taa ya injini ihesabu kodi kwa kumweka. Inafanya kazi kwenye Toyota nyingi, ila usikosee tundu, kwa sababu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Hatua ya 3: Pima sensa gari likiwa limezimwa

Hiki ni kipimo cha dakika moja na hakuna anayekifanya. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma presha ya MAP. Injini haizunguki, kwa hiyo sensa inapaswa kusoma presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utaona karibu kPa 101. Mwanza ni kama 88, Arusha 86 hivi, na Nairobi au Mbeya zinakaribia 82 au 83. Ukiwa Dar sensa ikasoma 88, inadanganya hata kabla hujawasha gari, na kompyuta itakuwa inaiongoza turbo kwa taarifa ya uongo.

Kama gari lina sensa ya pili ya presha ya anga, linganisha zote mbili. Zisipishane kwa zaidi ya kPa mbili tatu. Kwenye magari mengine MAP imefungwa mbali na manifodi na kuunganishwa kwa kampira kembamba. Chomoa kampira hako na ukapulize. Kakiwa kameziba masizi au kamepasuka, umepata mgonjwa wako kwa gharama ya senti.

Hapo hapo washa injini, iache izembee mpaka ipate moto, usome MAF. Injini ya lita 3.0 ikizunguka mara 750 kwa dakika na EGR ikiwa imefungwa inavuta karibu gramu 18 hadi 20 za hewa kwa sekunde ukiwa usawa wa bahari. EGR ikiwa wazi namba hushuka sana, na hilo ni la kawaida. Isiyo ya kawaida ni namba inayobaki chini hata ukichomoa soketi ya EGR: ama MAF imejaa vumbi na oili, ama EGR imekwama wazi kwa masizi. MAF isafishe kwa dawa yake ya kupuliza, usiisugue kwa kitambaa wala kidole.

Hatua ya 4: Macho, vidole na tochi

Anza kwenye ea klina. Filta ya karatasi iliyolowa au iliyoshiba vumbi la Dodoma hunywea ndani wakati injini inavuta kwa nguvu, na ukiitoa kuiangalia iko sawa tu. Badilisha kama una shaka.

Kisha fuata njia ya hewa: ea klina, mpira kwenda kwenye turbo, bomba kwenda intakula (kipozeo cha hewa inayotoka turbo), kutoka intakula mpaka manifodi. Kwenye Prado 120 na Vigo intakula iko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na mipira yake mifupi inapikwa na joto kila siku. Bonyeza kila mpira kwa vidole na kuukunja kidogo. Mpasuko wa kweli mara nyingi uko upande wa chini usioonekana, au unajificha chini ya klipu, na hufunguka tu presha inapopanda. Alama yake ni unyevu mweusi wa oili iliyokamata vumbi katika mstari mmoja. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba usikutishe, ni wa kawaida kwa sababu pumzi ya injini inapita humo. Kidimbwi cha oili ndani ya intakula ndicho cha kuulizia.

Gari likiwa limepoa, chomoa mpira unaoingia turbo na ushike shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo juu na chini kunaruhusiwa, maana beringi zake huelea ndani ya oili na sasa oili haipo. Kucheza mbele na nyuma kwa kiasi cha kuhisi hakuruhusiwi. Panga zikiwa zinagusa nyumba yake, au ncha zimeliwa na mchanga, hapo sasa turbo ina kesi ya kujibu. Zungusha kwa kidole, iende laini.

Onyo moja kabla hujaendelea: ukiona moshi mwingi wa bluu na injini inapanda mizunguko yenyewe bila kukanyagwa, inakula oili yake kupitia turbo. Kuzima swichi hakutaisimamisha. Kwa gari la gia za mkono, ingiza gia kubwa, kanyaga breki mpaka mwisho na uachie klachi mpaka injini ife. La otomatiki linahitaji kuzibwa njia ya hewa kwa kitu kigumu kama ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa.

Hatua ya 5: Jaza hewa, tafuta uvujaji

Mipira mingi hupita ukaguzi wa macho na bado inavuja. Dawa yake ni kuijaza hewa gari likiwa limezimwa. Nenda duka la mabomba ununue kifuniko cha PVC kinacholingana na mpira unaoingia turbo, kisha mpelekee fundi pancha akitoboe na kukifunga valvu ya tairi tubelesi. Kifunge kwenye mpira kwa klipu, upande wa baada ya MAF, ili MAF isiguswe na presha. Mrija wa pumzi ya injini unaoingia kwenye mpira huo uuchomoe na kuziba tundu lake, la sivyo utajaza upepo ndani ya injini na kuharibu sili.

Pandisha hewa taratibu mpaka psi 10, isizidi. Simama pembeni, si mbele ya kifuniko, kwa kuwa kikichomoka kinaruka. Presha itashuka polepole, kwa sababu baadhi ya vali za injini ziko wazi, usishangae. Unachosikiliza ni mluzi au mpumuo mahali pasipostahili. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kwenye kona za intakula, kwenye gasketi ya manifodi na ya EGR. Mapovu yatakuonyesha. Tikisa mipira kwa mkono wakati hewa imo ndani, maana ndivyo injini inavyoitikisa barabarani.

Klipu za kubana kwa skrubu zinazouzwa kila kona hukata mpira laini wa silikoni. Tafuta zile pana zenye bolti, hata kama itabidi uzunguke maduka ya spea ya Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) nusu siku.

Hatua ya 6: Safari ya kupima

Hapa ndipo hitilafu inakamatwa. Unahitaji mtu wa pili wa kushika simu au kompyuta. Dereva asiangalie skrini. Chagua mlima mrefu usio na msongamano. Rekodi, usitazame tu: mizunguko, presha ya MAP, presha inayotakiwa kama gari lako linaionyesha, MAF, amri inayopelekwa kwenye turbo, na presha ya reli ya dizeli, ile inayotakiwa na iliyopo. Kidude cha bei rahisi ni kizito, hivyo chagua hizo chache tu. Ukiweka vipimo ishirini kila kimoja kitasomwa mara moja kwa sekunde kadhaa na tukio litapita katikati.

Injini ikiwa imepata moto, weka gia ya tatu, shuka mpaka mizunguko 1,500, kanyaga mpaka chini na ushikilie hadi 3,500. Rudia mara kadhaa, kisha panda mlima kwa gia kubwa kuliko inavyofaa, ili mzigo uwe mkubwa. Dizeli nyingi za rika hili zikiwa na mzigo kamili husoma kati ya kPa 200 na 250. Kumbuka hiyo ni presha pamoja na ile ya anga.

Ukirudi, angalia umbo la mistari. Kuna sura nne.

Ya kwanza: presha iliyopo inapanda kwa uvivu na haifiki inayotakiwa. Sasa tazama MAF. Kama MAF inapanda vizuri lakini MAP haipandi, hewa imepimwa ikiingia na imepotelea njiani. Rudi hatua ya 5, hata kama moshi mweusi ulikufanya ufikirie injekta. Kama zote mbili ziko chini, turbo haivuti au injini haipumui: filta, veni zilizokwama wazi, vakamu dhaifu, EGR isiyofunga, au masega ya ekzosi (kisafisha moshi) yaliyoziba.

Ya pili: presha inapita inayotakiwa, inapaa juu yake, kisha nguvu zinakatika. Veni zimenata au aktueta, yaani mota au kopo linalozisukuma, inachelewa. Hii ndiyo P0234.

Ya tatu: namba inaruka. Sekunde hii kPa 180, inayofuata 20 au 255, kisha 175. Hewa haiwezi kufanya hivyo ndani ya mabomba yenye lita kadhaa. Huo ni umeme: sensa, soketi au waya, na hakuna turbo duniani itakayoutibu.

Ya nne huchekesha: presha ya turbo inafuata amri vizuri kabisa, lakini presha ya reli ya dizeli inaporomoka mlimani. Umebeba gari kwa fundi wa turbo wakati mgonjwa ni filta ya dizeli, mpira wa tangi unaovuta hewa, au vali ya SCV inayopima dizeli kwenye pampu. SCV za 1KD zinajulikana kwa tabia hii.

Hatua ya 7: Veni na kinachozisukuma

Kwa magari ya vakamu, chomoa mpira kwenye kopo la turbo na uvute hewa kwa pampu ya mkono ya vakamu. Huna pampu? Bomba la sindano la ml 60 na kampira vinatosha kwa majaribio. Fimbo isogee laini toka mwanzo hadi mwisho, na irudi yenyewe ukiachia. Ikikwamakwama, veni zina masizi. Ikisogea kisha ikarudi taratibu ukiwa umeziba, kopo limepasuka ndani. Baada ya hapo fuata vimpira vyote vya vakamu kutoka kwenye pampu hadi solenoidi; vimezeeka, vimekatika kwenye ncha, na vingine vinagusa bloku ya moto. Vibadilishe vyote kwa pamoja, ni rahisi kuliko kuhangaika na kimoja kimoja. Solenoidi inayokata ikipata moto unaweza kuijaribu kwa kuipasha kwa draya ya nywele huku fundi akiangalia fimbo.

Kwa 1KD na nyingine zenye mota, swichi ikiwashwa au kuzimwa mota huwa inazisogeza veni. Mtu aweke sikio karibu na turbo wakati wewe unageuza ufunguo. Techstream ina kipimo cha kuiamuru isogee. Isiposogea, au ikisogea nusu, usikimbilie kulaumu mota. Inaweza kuwa inasukuma veni zilizoganda.

Veni zilizoganda husafishwa, na turbo nyingi zilizotupwa zilihitaji hilo tu. Kazi yenyewe si ya mchezo: turbo inatolewa, nyumba ya upande wa moshi inawekewa alama ya tindo dhidi ya kiwiliwili chake, inafunguliwa, na pete ya veni inasafishwa kwa brashi na dawa ya masizi mpaka inateleza kwa kidole. Dawa ya oveni hufanya kazi kwenye chuma cha upande wa moshi, ila inakula aluminiamu, kwa hiyo isifike upande wa hewa. Usiguse skrubu ndogo ya kikomo cha veni. Iliwekwa kiwandani kwa vipimo. Usifungue nati ya shafti. Na mota ya umeme ikishatolewa mahali pake, gari lenye mfumo huo huhitaji kufundishwa upya kwa mashine, hivyo muulize fundi kabla kama ana uwezo huo. Asipokuwa nao, mtafute mwingine.

Hatua ya 8: Umeme

Kwa ile sura ya tatu. Injini ikizembea na mtu akiangalia MAP kwenye skrini, tikisa waya kipande kwa kipande: soketi ya sensa, mkono wa nyaya unaopita juu ya injini, soketi ya mota ya turbo, mahali nyaya zinapoingia kwenye ukuta wa kabini. Namba ikiruka, simama hapo hapo. Fungua mkanda wa nyaya sentimita chache kila upande. Waya unaweza kuwa mzima kwa nje na shaba ya ndani imegeuka unga wa kijani.

Soketi zichomoe uangalie pini: kijani, nyeusi, au tundu lililopanuka lisiloshika pini kwa nguvu. Dawa ya kusafishia umeme, kisha kukaza tundu kwa sindano. Kumimina silikoni juu ya soketi ni kufungia maji ndani.

Usisahau ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye betri. Injini ikiwaka na taa zote na AC zimewashwa, pima volti kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini. Ikizidi volti 0.1, waya wa ethi una kutu au bolti imelegea, na sensa zote zinazoutegemea zinasema uongo kwa pamoja.

Hatua ya 9: Oili, hasa kwa 1KD

Kama vipimo vyote vimekupeleka kwenye turbo yenyewe, yaani shafti inacheza na panga zimegusa, usifunge nyingine kabla ya kujua ya kwanza ilikufa kwa nini. Turbo hufa kwa njaa ya oili kuliko kwa uzee.

1KD ina ugonjwa wake. Vile vioshi vya shaba vilivyo chini ya injekta vikivuja, gesi ya mwako inapanda kwenye kichwa cha injini na kuchoma oili. Masizi magumu yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la waya la kufyonzea oili. Dalili: oili inakuwa nyeusi na nzito mapema, unasikia chaf-chaf asubuhi kabla injini haijapata moto, na ukifungua kifuniko cha juu unakuta lami ngumu kuzunguka injekta. Hapo teremsha sampu uangalie chujio. Ukilikuta limejaa makaa, turbo ilikuwa ya kwanza kufa tu, krenkshafti ingefuata.

Unapofunga turbo, mpya au iliyotumika ya Dubai, badilisha oili na filta, safisha au ubadilishe bomba la kuleta oili pamoja na bolti yake yenye matundu, hakikisha bomba la kurudisha halijabanwa, na ujaze oili kidogo kwenye tundu la turbo kwa mkono. Zungusha starta bila kuwasha kwa sekunde kadhaa, kisha washa na uache izembee dakika chache kabla ya kukanyaga.

Hatua ya 10: Thibitisha

Sasa ndipo unafuta kodi. Rudia safari ile ile ya hatua ya 6: mlima ule ule, gia ile ile, mzigo ule ule kama unaweza, na urekodi. Linganisha mistari ya kabla na ya baada. Kutowaka kwa taa siku hiyo hakuthibitishi kitu kwa gari ambalo hata lilipokuwa bovu lilikuwa linakaa wiki bila kuwaka. Kinachothibitisha ni presha iliyopo kukaa karibu na inayotakiwa mahali ambapo zamani zilikuwa zinaachana. Kodi ikirudi baadaye ikiwa tofauti na ya mwanzo, kwa mfano P0299 imeondoka na P0401 imekuja, ichukue kama hitilafu nyingine kabisa na uanze daftari upya. Ikirudi ile ile na mistari ni mizuri mlimani, rudi kwenye nyaya, siku ya joto, kwenye barabara mbovu, na mtu wa pili akiwa na skrini mkononi.